Siku 10 kutoka Tanga hadi Mahé: usiku analala nani, na nani yuko macho?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Sahare, Tanga. Baba ni mvuvi, nimekulia kwenye ngalawa na dau, lakini sijawahi kulala baharini zaidi ya usiku mmoja. Kuna Mfaransa na mkewe, watu wazima, boti yao ya matanga ya futi 40 imetia nanga Ras Kazone. Wanatafuta mtu wa tatu wa kuwasaidia mpaka Shelisheli mwanzoni mwa Machi, wanasema siku 8 hadi 10. Boti nimeipenda, ila sielewi maisha ya humo yanakwendaje. Usiku wanatia nanga wapi? Mtu analala saa ngapi, anakula nini, anaswali vipi? Na mama hataki hata kusikia habari hii.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la nanga, maana majibu ya mengine yote yanatoka humo. Hamtatia nanga popote. Mkiondoka Tanga alfajiri, jioni mtakuwa mnaupita mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na hapo ndipo mtakapoagana na nchi kavu. Baada ya Pemba chini yenu kuna kina cha maelfu ya mita, hakuna mnyororo wa boti unaofika huko. Kutoka Tanga hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni kiasi cha maili 980 za bahari. Boti ya futi 40 ikipata upepo wa kuridhisha hukata maili 100 hadi 130 kwa siku, usiku na mchana bila kusimama, kwa hiyo hesabu waliyokupa ni ya kweli. Na kwa kuwa boti haisimami, lazima kila dakika awepo mtu aliye macho. Kula, kulala, kuoga, kuswali, yote yanapangwa kulizunguka jambo hilo moja.

Njia hiyo nimeipita mara tatu, na nimeshavuka pia kutoka Cape Town hadi Saint Helena, maili 1,700 za Atlantiki. Watu huniuliza habari za mawimbi. Lakini vijana niliowaona wakishindwa, wameshindwa na usingizi. Ndiyo maana nataka nikae sana hapo.

Mkiwa watatu, utaratibu wa kawaida ni zamu za saa tatu tatu: unakaa juu saa tatu, unapumzika saa sita. Siku ina vipande vinane vya saa tatu na nyinyi mko watatu, kwa hiyo zamu hujisogeza zenyewe. Leo ukishika saa 6 usiku hadi saa 9, kesho utashika saa 9 hadi alfajiri, na keshokutwa utalala tangu saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Huo usiku wa tatu utausubiri kama mtoto anavyoisubiri Idi.

Usidhani saa sita za kupumzika ni saa sita za usingizi. Unashuka, unavua nguo za mvua, unakunywa kitu, unajinyoosha, na masikio bado yako juu. Maji yanapita ukutani kwa nje, kando ya sikio lako, kwa sauti ya mtu anayemimina ndoo isiyokwisha. Mlingoti unalia. Kijiko kimoja kilichosahaulika kabatini kinagonga, tik, tik, kila boti inapolala upande, na utaamka kukitafuta. Ukipata saa nne za usingizi umefanikiwa. Basi usione haya kulala mchana. Nyumbani kijana akilala saa 5 asubuhi anaitwa mvivu. Kule kulala ni kazi uliyopangiwa kama kushika usukani. Asiyelala mchana anawahatarisha wenzake usiku.

Lala upande ulioinamia chini. Kitanda kiwe na ukingo wa turubai unaofungwa juu kwa kamba, ukuzuie usidondoke. Kama boti yao haina, shona kabla hamjaondoka.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mfaransa huyo hatakwambia, kwa sababu hajui kwamba wewe unahitaji kuambiwa. Sisi tumelelewa kumstahi mkubwa. Mzee akilala, watoto wanapita kwa vidole vya miguu. Adabu hiyo nzuri ndiyo ilitaka kuniua katika safari yangu ya kwanza.

Tulikuwa watatu kama nyinyi, na nahodha alikuwa mkubwa kuliko baba yangu. Zamu yangu ilikuwa saa 6 usiku hadi saa 9. Saa 9 ilipofika nilishuka ngazi kwenda kumwamsha. Alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, vidole vyake bado vina grisi ya pampu aliyoshinda akiitengeneza. Nikasimama pale nikimtazama. Nikamwonea haya na huruma, nikajiambia, mwache saa moja zaidi, wewe kijana utavumilia. Nikapanda, nikajifunika blanketi, nikaegemea.

Kilichoniamsha ni mlio wa injini, na sisi tulikuwa tunakwenda kwa matanga matupu. Nilipofungua macho, nyota za upande mmoja hazikuwepo. Palikuwa na ukuta mweusi unaopita, juu yake taa nyekundu, na harufu ya moshi wa dizeli imenijaa kooni. Meli ya makontena. Haikutuona, wala mimi sikuiona. Ikapita, kisha mawimbi yake yakatufikia na sufuria zikaruka jikoni. Nahodha alitoka kwa miguu mitupu, akatazama taa nyeupe ya nyuma ya ile meli ikienda, akatazama saa ya mkononi. Hakunigombeza. Alibandika chai, tukanywa, halafu akaniambia kwamba siku nyingine nikimhurumia, nimwamshe.

Piga hesabu mwenyewe. Meli inayokwenda maili 20 kwa saa hukata maili 5 kwa dakika 15. Ukikaa kwenye boti, macho yako yako mita mbili hivi juu ya maji, kwa hiyo upeo wa bahari ni kama maili 3 tu. Taa za meli unaziona mbali zaidi kwa sababu ziko juu. Ndiyo maana kanuni ni kusimama na kuzungusha macho pande zote kila baada ya dakika 10. Usitazame mbele tu: meli nyingi hukufuata kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, kwa sababu zina mwendo kuliko wewe. Siku hizi boti nyingi zina chombo cha kuonyesha meli zilizo karibu, chenye kengele, na usukani wa kujiendesha. Ni msaada mkubwa, lakini dau la mvuvi halionekani kwenye chombo hicho, na wewe unajua vizuri kuliko wao ni madau mangapi ya kwetu yanayolala baharini bila taa. Usiku wa kwanza, hata baada ya kuipita Pemba, macho yako yatakuwa na thamani kuliko vifaa vyao vyote.

Kupokezana zamu kuna taratibu zake. Anayepokea anaamshwa dakika 15 kabla. Anapanda akiwa amevaa, kikombe mkononi, na anayeondoka hashuki mpaka macho ya mwenzake yazoee giza. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea kikamilifu, kwa hiyo tochi ya kutumia usiku iwe ya mwanga mwekundu. Unamwambia mwelekeo wa dira, upepo umegeuka au la, tanga limepunguzwa kiasi gani, meli uliyoiona ilielekea wapi. Unaandika kwenye daftari la safari. Halafu unakwenda kulala na kuiacha boti mikononi mwake. Hapo pagumu, maana siku mbili za kwanza utalala na mkono mmoja umeshika nguzo.

Kama utashika usukani mwenyewe usiku, usikodolee dira, itakulevya. Weka boti kwenye mwelekeo, chagua nyota iliyo mbele karibu na mlingoti, ifuate. Mnaelekea mashariki, nyota zinachomoza mbele yenu, kwa hiyo ile uliyochagua itapanda. Baada ya dakika 20 chagua nyingine chini yake.

Kuna sheria moja ambayo ukiivunja mara moja inatosha. Usiku ukiwa peke yako juu, usitoke sehemu ya usukani kwenda omo, mbele ya boti, hata kamba ikinasa, hata tanga likipiga makofi. Amsha mtu. Na wakati wote uwe umevaa mkanda wa usalama, kulabu ya kamba yake imenaswa kwenye chuma cha boti. Boti inayokwenda maili 6 kwa saa hukata mita 185 kwa dakika. Ukianguka saa 8 usiku na wenzako wamelala, watakapogundua saa 9 wewe uko maili 6 nyuma. Kuogelea kwako kwa Sahare hakuna msaada hapo. Na haja ndogo, nisamehe kulisema, usiimalizie ukingoni kama tulivyozoea kwenye ngalawa. Shuka chooni ukakae. Mabaharia wazoefu wameanguka kwa jambo hilo dogo.

Siku mbili tatu za kwanza utalewa bahari, hata wewe mtoto wa mvuvi. Ngalawa inakurusha lakini uko kwenye upepo, unaona upeo. Ndani ya boti kuna joto, harufu ya dizeli na ya chakula, na macho hayaoni bahari wakati tumbo linaihisi. Kaa juu, tazama mbali, kunywa maji kidogo kidogo hata kama yanarudi, tafuna tangawizi au biskuti kavu. Dawa za kuzuia kulewa bahari humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Muulize mfamasia inayokufaa, maana nyingine zinaleta usingizi mzito. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai, waambie wenzako. Usifiche kwa aibu.

Chakula ni eneo ambalo unaweza kuwa hazina yao. Mpeleke mama mwenye boti soko la Ngamiani siku mbili kabla ya safari. Kabichi na karoti za Lushoto, zichague ngumu, zisioshwe, zisiwekwe kwenye mifuko ya plastiki. Kabichi hukaa majuma mawili bila friji ukiwa unaibandua majani ya nje. Viazi na vitunguu viwekwe mbali mbali. Machungwa ya Muheza chukua gunia dogo, ndimu chukua nyingi. Mayai yasioshwe, na yageuzwe kila siku mbili. Ndizi chukua chane kadhaa zilizopishana ukomavu, maana mkungu mmoja ukiiva unaiva wote siku moja, na watu watatu hawamalizi mkungu. Choroko na dengu zinaiva haraka na kula gesi kidogo kuliko maharage, labda wawe na sufuria ya presha.

Jiko la boti linaning'inia ili libaki sawa boti inapoinama. Ukipika vaa suruali na kitu cha kufunika miguu, usipike kifua wazi. Kuungua maji ya moto siku ya nne kutoka nchi kavu si jambo la mchezo. Chakula cha siku mbili za kwanza kipikwe nchi kavu, kwa kuwa hakuna atakayetaka kuinama juu ya sufuria. Baada ya hapo mlo ni wa bakuli na kijiko, sahani bapa ziacheni kabatini. Mlo wa pamoja jua likizama, watatu wote juu, ndio wakati pekee mtakaoonana sawasawa, kwa sababu saa nyingine zote mmoja amelala. Usiukose hata kama huna hamu ya kula.

Ukipenda, kokota mshipi nyuma na chambo cha plastiki. Mtapata jodari au fulusi. Fulusi akitoka majini ni kijani na dhahabu inayowaka, na ndani ya dakika chache rangi yote inamtoka akiwa mikononi mwako. Mimi huwa nageuza uso. Mkishapata mmoja vueni mshipi, maana friji yao ni ndogo. Asubuhi utaokota pia panzi wa bahari, wale samaki wanaoruka, walioangukia sitaha usiku. Wakaange na ndimu.

Maji piga hesabu ya lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watatu kwa siku 10 ni lita 120, na mbebe mara mbili ya hapo, sehemu yake kwenye madumu ya lita 20 yaliyofungwa imara, kusudi tangi likiharibika msife kiu. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari. Kuoga ni ndoo ya maji ya bahari, kisha lita moja ya maji yasiyo na chumvi ya kujisuuza. Sabuni ya kipande haitoi povu kwenye chumvi. Tumia ya maji ya kuoshea vyombo.

Ndoo hiyo ukiitupa boti ikiwa mwendoni inaweza kukuvuta. Funga kamba yake kwenye boti, usiizungushe mkononi.

Swala. Maji ya bahari ni tohara, hilo umelijua tangu chuoni, kwa hiyo maji ya kunywa hayaguswi kwa udhu. Wewe ni msafiri: unapunguza, na unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, jambo linaloingia vizuri kwenye zamu. Boti ikiruka utaswali umekaa. Kama Machi yenu itaangukia Ramadhani, msafiri ana ruhusa, na kufunga huku unatapika ni kujidhuru. Haya mkalishe sheikh wako umuulize kabla hujaondoka. Ninaloweza kukuambia mimi ni la dira. Tanga na Makka ziko karibu mstari mmoja, ndiyo maana kwetu tunaelekea kaskazini. Kadiri mnavyokwenda mashariki, kibla inasogea kushoto kidogo kidogo, na mkifika Mahé iko nyuzi 330, yaani nyuzi 30 kushoto mwa kaskazini. Kila siku unasogeza nyuzi tatu hivi. Mimi niliipenda sana hesabu hiyo; nilijua tumefika wapi kwa namna nilivyoutandika mswala. Saa nayo inasogea: Shelisheli wako mbele yetu saa moja.

Kuishi na mke na mume kwenye nafasi ya mita 12 kunataka ustaarabu. Chumba chao cha mbele usikisogelee bila kubisha. Watakapokwaruzana, na watakwaruzana, maana usingizi ni mchache, wewe tafuta kamba ya kukunja. Waambie mapema, kabla ya kununua vyakula, kwamba huli nguruwe na hunywi pombe, mkubaliane sufuria ipi ni yako. Ukisema siku ya tano utaonekana unalalamika. Ukisema leo ni mpango tu. Majina ya kamba kwa lugha yao usione aibu kuyaandika kwenye plasta na kuibandika.

Upepo wa mwanzo wa Machi ni kaskazi iliyokwisha kuchoka. Siku za mwanzo mtakwenda bisho, yaani kuukabili upepo unaotoka mbele, boti imeinama, maji yanaruka, hizo ndizo siku ngumu. Mkienda mbali na pwani, upepo hugeukia kaskazini na kisha kaskazini-magharibi, na majira hayo kuna mkondo unaoelekea mashariki, unawasaidia. Mtakutana na shwari ya kuchosha na mawingu meusi ya mvua yenye upepo wa ghafla. Usiku ukiona nyota zinafutika upande mmoja, amsha watu mpunguze tanga kabla upepo haujafika. Hapa tena ujuzi wa dau utakusaidia: wewe unanusa mvua. Karibu na mwisho kuna visiwa vya Amirante, vya matumbawe, vya chini sana. Nahodha atapita mbali navyo. Mahé yenyewe ni milima, kilele chake kina mita 905, utaiona mapema.

Sasa mama. Simu ya kawaida itakufa baada ya Pemba. Wenye boti wana simu ya setilaiti au intaneti ya setilaiti, waulize. Mkubaliane ujumbe mmoja kwa siku, mfupi, uende kwa ndugu mmoja anayejua kusoma namba za mahali mlipo. Mwambie mama waziwazi kwamba ujumbe ukikosa siku mbili, inawezekana betri au mtambo. Akiuliza maharamia, usimdanganye: kati ya 2008 na 2012 walifika hadi maji ya Shelisheli. Muulize nahodha anaripoti safari yake kwa nani, naye akupe jibu lililonyooka. Na jingine la kuulizwa sasa: nani analipa tiketi yako ya kurudi. Iandikwe na isainiwe, jina lako liwe kwenye orodha ya mabaharia, pasipoti igongwe Uhamiaji. Mimi niliwahi kuachwa bandari ya ugenini nikidai nauli, sitaki yakukute.

Kabla hujakubali, waombe muende Pemba na kurudi, muondoke jioni mlale njiani, mshike zamu za kweli. Usiku mmoja huo utakuonyesha kama nahodha anaamka kwa utulivu au kwa matusi, na kama mkewe anakuamini na usukani. Ukimwona anayeamshwa anakasirika, safari hiyo iache.

Wakikuridhisha, mpeleke mama botini. Asiishie ufukweni, apande ile mashua ya mpira akaione. Ataangalia jiko kwanza, mwache alikague. Mwoneshe kitanda chako na ukingo wake wa turubai, mpe mkanda wa usalama aushike, avute ile kulabu kwa nguvu zake zote. Kisha mwoneshe ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, ina majina matatu. Akiuliza ni nani atakayekuwa macho wewe ukilala, mwenye jina lililo juu ya lako awe pale pale, wasalimiane.